SOMO: Krimu na vidonge vya stiroidi, tumia bila kujiharibu

Wandugu kuchele. Hili somo niliahidi tangu kipindi cha kupulizia mikorosho salfa nikawa nasogeza siku tu, leo nipo off naandika lote, likiwa refu mnisamehe. Mimi ni nesi huku Newala, na kila mwaka korosho zikishauzwa, kuanzia mwezi wa 11 hivi, pesa ikiingia mkononi ndo nawapokea watu nyuso zimeiva kama nyanya, mapaja yana michirizi, na sentensi yao ni moja, "sista mbona hii krimu mwanzo ilinikubali sasa hivi hainisaidii". Nikiomba nione tyubu nakuta stiroidi, tena ile kali kabisa.

Kwanza tuelewane hii dawa inafanyaje. Juu ya kila figo yako kuna katezi kadogo kanatengeneza homoni inaitwa kotisoli, hiyo ni stiroidi ya mwili wenyewe, unaitumia kila siku bila kujua. Zile za dukani ni ndugu zake. Mwaka 1948 daktari mmoja Mmarekani, Philip Hench wa Mayo Clinic, alimchoma sindano ya kotisoni mgonjwa wa viungo ambaye alikuwa hawezi kutembea, siku chache tu mtu kainuka anatembea, watu wakaona muujiza, na 1950 yeye na wenzie wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Madhara nayo hayakuchelewa kuonekana. Yani tangu mwanzo hii dawa ndo tabia yake, inakufurahisha haraka alafu deni linakuja baadae.

Inachofanya ni kuzima. Inazima uvimbe, muwasho na wekundu. Haiui fangasi, haiui bakteria, haiui mdudu wa upele. Ukipaka kwenye kitu chenye mdudu umefukia kaa kwa majivu, juu unaona pameshapoa, chini linawaka.

HATUA YA 1: jua unachokipaka ni ugonjwa gani

Hapa ndo tunapokosea wengi kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Stiroidi inafaa kwenye pumu ya ngozi, mzio wa kitu ulichogusa, soriasisi (yale mabaka yenye magamba), kuumwa na wadudu pakavimba sana, na magonjwa mengine ambayo daktari ameshayaona. Haifai kupaka ukiwa na fangasi, upele, majipu, malengelenge ya mkanda wa jeshi wala chunusi.

Fangasi ndo mtego mkubwa. Unapaka, siku ya tatu muwasho umeisha, unamsifia muuza duka, wiki mbili mbele limerudi pana zaidi na ile pete yake haionekani vizuri, hata daktari akiangalia anasita maana dawa imeshalibadilisha sura.

Alafu kuna kitu huku kwetu kusini tusikifanyie mchezo, ukoma bado upo. Ukiona baka limepauka au jekundu kidogo, haliwashi, chukua kauzi ka pamba, fumba macho, mtu akuguse pale juu alafu akuguse ngozi nzima ya pembeni. Kama kwenye baka husikii, usipake chochote, nenda kituo cha afya, dawa ya ukoma ni bure na ukiwahi hupati kilema. Nimeshaona baka la namna hiyo limepakwa krimu miezi minane na vidole vimeshaanza kukunjika, iliniuma sana.

HATUA YA 2: jua nguvu ya ulichoshika

Krimu zote ni nyeupe, tyubu zote ndogo, ila ndani sio sawa kabisa. Haidrokotisoni 1% ni pole. Betamethasoni 0.1% ni kali. Klobetasoli 0.05% ni kali kupita zote, na hapa watu wanadanganyika, wanaona 0.05 wanasema ni ndogo kuliko 1. Asilimia haikuambii ukali, jina ndo linakuambia. Mwisho wa jina ukiona "sone", "solone" au "sol" uliza kwanza kabla ya kufungua kizibo.

Na zile tatu kwa moja, yani dawa ya fangasi na ya bakteria na stiroidi ndani ya tyubu moja, sizipendi na nasema wazi. Mara nyingi stiroidi yake ni betamethasoni au klobetasoli, mtu anazipaka kila kitu kuanzia kipele mpaka sehemu za siri.

HATUA YA 3: angalia unapaka wapi

Ngozi ya mwili mmoja hainywi dawa sawasawa. Kuna utafiti wa mwaka 1967 walipima haidrokotisoni inavyoingia, wakilinganisha na ngozi ya ndani ya mkono chini ya kiwiko: paji la uso lilinyonya mara 6, korodani mara 42, unyayo hata robo haufiki. Kwahiyo krimu aliyopewa babu kwa ajili ya unyayo wenye magaga usiende nayo kwenye kinena. Usoni, kwapani, kinenani na chini ya matiti ni ile ya pole tu, siku chache. Kope usiguse bila daktari, ikiingia machoni muda mrefu inaleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

HATUA YA 4: kipimo cha ncha ya kidole

Kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mguu mzima na unyayo unakula vipimo 8, yani gramu 4. Sasa piga hesabu mwenyewe, tyubu ya gramu 15 kwenye mguu mzima haimalizi siku nne, lakini kwenye baka la viganja viwili mara moja kwa siku inaenda mwezi. Kama una kabaka kadogo na tyubu inaisha kwa wiki, unapaka nyingi. Kuna na wale waoga wanaodonoa kidogo kama pilipili, hao hawaponi alafu wanasema dawa feki.

Paka mara moja kwa siku, isizidi mbili. Mafuta ya kulainisha ngozi na dawa usivipake kwa pamoja, acha nusu saa katikati. Usifunike na nailoni wala bandeji kama hujaambiwa, inaingia maradufu. Nawa mikono ukimaliza, isipokuwa kama mikono ndo inayotibiwa.

HATUA YA 5: hesabu siku

Ya pole usoni ni siku 5 mpaka 7. Klobetasoli isizidi wiki 2 mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na watoto hapana. Pakishatulia acha, endelea na mafuta ya kulainisha kila siku hata kama hapawashi. Kama wiki 2 zimepita hakuna mabadiliko, sio kwamba unahitaji kali zaidi, huenda ugonjwa sio huo.

HATUA YA 6: vidonge, na hapa nina yangu

Mjomba wangu wa Nanyamba alikuwa na magoti. Kuna mahali akawa anauziwa vidonge kwenye kikaratasi, havina jina, anaambiwa ni vya maungo. Magoti yakapona kabisa, akawa anapanda mpaka mikorosho. Baada ya miezi uso ukawa wa duara, tumbo limekuja mbele, watu wanamtania korosho imemkubali mwaka huu, na yeye anacheka. Mimi mwenyewe nesi nilicheka, nasema ukweli. Mvua za masika zikakata njia akakosa vile vidonge kama siku tano hivi, akaanza kutapika, kichwa kizunguzungu, hawezi hata kusimama, nyumbani wakajua malaria. Amefika hospitali presha iko chini sana, sukari nayo ya kwenye damu imeshuka. Vile vilikuwa prednisoloni, yani stiroidi ya vidonge, na amekula karibu mwaka mzima.

Kilichotokea ni kwamba ukila stiroidi kutoka nje muda mrefu zile tezi za juu ya figo zinalala, zinaona kazi inafanywa na mwingine. Ukikata ghafla mwili unabaki mtupu. Ndo maana aliyekula zaidi ya wiki 3 haachi mwenyewe, anashushwa kidogo kidogo na daktari. Dozi fupi ya siku 5 ya pumu ya kifua kwa kawaida inakatwa tu bila shida, msichanganye.

Kama umeandikiwa kihalali kunywa asubuhi baada ya kula, ukinywa jioni utakesha. Mwambie daktari kama una sukari, presha, vidonda vya tumbo, kikohozi cha zaidi ya wiki 2, na umuulize kuhusu minyoo, kuna aina moja inaingilia miguuni kwa wanaotembea peku, ukiwa kwenye stiroidi inaweza kusambaa mwili mzima na kuua. Usichanganye na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa kujiamulia. Na popote unapotibiwa, hata kung'oa jino, sema kwamba unakula stiroidi.

MASWALI YENU

Mama wa Tandahimba: Shikamoo sista. Mimi nabangua korosho nyumbani, mikono imebabuka na inawasha usiku silali, nikipaka betamethasoni nakosea?

Marahaba mama, ingawa huenda mimi ndo natakiwa nikuamkie. Yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na yanaleta mzio pia, yote mawili. Kama kuna kidonda kibichi au usaha usipake, nenda wakakione. Kama ni muwasho na wekundu, viganja vina ngozi ngumu, betamethasoni usiku kwa siku 7 inaweza kufaa ila waoneshe kwanza kituoni. Lakini ukiendelea kubangua mikono mitupu hakuna krimu itakayoishinda hiyo kazi, vaa glovu au paka mafuta ya kula mikononi kabla hujaanza, na nawa kwa sabuni kila ukipumzika.

Dada wa Lindi mjini: Mwanangu ana miezi 8, pumu ya ngozi mashavuni na kwenye mikunjo. Bibi yake ananiambia niache hospitali nipake mafuta ya nazi.

Bibi hajakosea sana mpenzi, mafuta ya nazi safi yanalainisha vizuri, paka mara tatu nne kwa siku, na umuogeshe maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo na manukato. Ila pakiwaka pakawa pekundu anajikuna mpaka damu, nazi peke yake haitoshi, hapo ni haidrokotisoni 1% kwa siku alizoandika daktari. Kama ni sehemu ya nepi uwe makini, nepi za plastiki zinafunika na dawa inaingia zaidi.

Boda wa Masasi: Mkuu, mi fangasi mapajani, nilipewa ile tatu kwa moja ikaisha siku tatu, sasa imefika mpaka kiunoni. Niongeze dozi?

Usiongeze, acha. Nunua ya fangasi tupu, klotrimazoli au tabinafini, paka mpaka nje ya ukingo wa baka na uendelee wiki 1 au 2 hata pakishakauka. Siku za mwanzo muwasho utarudi kwa hasira maana ile ya kuzima umeiondoa, vumilia. Na wewe unakaa kwenye siti siku nzima na jinzi imebana, vaa boksa ya pamba ubadilishe kila siku. Ikiwa imeenea sana inabidi vidonge, nenda kituoni.

Hakutaka ajulikane anatoka wapi: Sista nimetumia mkorogo miaka 3, nikiacha siku mbili uso unawaka moto unavimba, nikipaka unatulia. Nifanyeje?

Pole mdogo wangu, na usione aibu, wengi mpo. Huo mkorogo karibu hakika una klobetasoli au betamethasoni, na mara nyingine haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na zebaki, hivyo vipodozi vimepigwa marufuku ila vinapita kwa njia za panya. Uso unaowaka ndo ngozi inavyodai. Ukirudia unatulia leo unaongeza miezi mbele. Nenda na kile kikopo chenyewe kwa daktari wa ngozi, kama uchovu unazidi, unatapika au kichwa chepesi nenda siku hiyo hiyo, maana kwa miaka 3 inaweza kuwa imeingia mpaka kwenye zile tezi. Kwa sasa maji ya baridi, mafuta ya mgando, kofia pana, basi. Inachukua wiki mpaka miezi, sikudanganyi.

Kaka wa Kilwa: Mke wangu mjamzito wiki 30, walimchoma deksamethasoni, nimesoma hili somo nimeogopa.

Usiogope shemeji. Hiyo nayo ni stiroidi kweli, ila ni kwa ajili ya mapafu ya mtoto kama kuna dalili atazaliwa kabla ya wakati, ni sindano za siku chache na inaokoa watoto. Ninayoikataa ni ile deksamethasoni ya kunywa ili kunenepa kabla ya harusi, na najua mnaopanga kuniuliza mpo, jibu ni hapana.

Kijana wa Nachingwea: Mjomba anaendeleaje?

Yupo. Sasa ni mwaka wa pili, ameshushwa mpaka miligramu 5 asubuhi na bado anapimwa kila mwezi. Magoti yamerudi kuuma, anatembea na fimbo na anagomba. Kile kikadi kilichoandikwa anakula stiroidi anakiweka pamoja na stakabadhi za korosho, huko ndo kwenye vitu vyake ambavyo havipotei.