Kuweka Sifuri ya Kazi kwenye Mashine ya CNC ya Milingi

Bamba la chuma laini la milimita 120 kwa 80, lenye matundu manne ya kufungia mota ya kinu cha kusagia mahindi, ni kazi ya kawaida katika karakana za Kisumu na Nakuru, na ndilo nitakalolitumia kueleza jinsi ofseti za kazi zinavyowekwa. Mashine ya CNC, yaani inayokata chuma kwa kuongozwa na kompyuta, haijui bamba hilo limefungwa wapi juu ya meza. Inachokijua ni sifuri yake yenyewe, mahali inaporudi kila asubuhi inapowashwa, na kutoka hapo huhesabu kila hatua, mara nyingi kwa namba hasi. Programu nayo imeandikwa kwa kuhesabu kutoka kwenye kona ya bamba. Ofseti ya kazi ni umbali kati ya sifuri hizo mbili tu, na huhifadhiwa katika nafasi sita zinazoitwa kwa misimbo ya G54 hadi G59. Sisi tutatumia G54.

Kwanza rudisha mihimili yote mitatu (X ya kushoto na kulia, Y ya mbele na nyuma, Z ya juu na chini) kwenye sifuri ya mashine, kisha safisha jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, mpaka pasibaki chenga hata moja ya chuma. Funga saa ya kupimia kwenye spindeli, yaani mhimili unaozunguka na kushika kikata, iguse taya isiyosogea, na uitembeze kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mshale ukihama zaidi ya milimita 0.02, legeza jiliwa na ulinyooshe, kwa sababu ofseti hairekebishi kitu kilichofungwa upande; itakupa kona sahihi ya bamba lililopinda. Bamba lenyewe lipigwe tupa kingoni, hasa likiwa limekatwa kwa gesi au kwa grainda.

Sifuri ya Y napendekeza iwe kwenye uso wa taya isiyosogea, wala si kwenye ukingo wa mbele wa bamba. Mabamba yaliyokatwa kwa mkono hayalingani upana: moja litakuwa na milimita 80, jingine 81 na nusu. Taya inayosogea hupokea tofauti hiyo, lakini taya tuli hubaki palepale, kwa hiyo bamba la kumi litakaa mahali lilipokaa la kwanza bila kupima upya. Kwa upande wa X weka kizuizi kushoto kwa sababu hiyohiyo. Programu sharti iandikwe kwa kona hiyo ya nyuma kushoto, yaani matundu yote yatakuwa na Y hasi.

Jiliwa likiwa bado tupu, funga kwenye spindeli kitafuta ukingo, kifaa cha kugusia chuma ili kujua ukingo uko wapi, chenye ncha ya milimita 10 na uzungushe spindeli kwa mizunguko 800 hivi kwa dakika. Usivuke sana kiwango hicho, kwani ncha hushikiliwa na springi ndani na inaweza kuchomoka. Ishushe katikati ya taya mbili, kisha uisogeze kuelekea taya tuli kwa gurudumu la mkono, ukimalizia kwa hatua za milimita 0.01. Mwanzoni ncha itayumba. Kadiri inavyogusa chuma itatulia mpaka ionekane kama imesimama, halafu ghafla itaruka pembeni. Simama hapohapo na usome nafasi ya mashine. Tuseme Y inasoma -238.120.

Hapo ndipo wengi hukosea. Namba hiyo ni ya katikati ya spindeli, na katikati ya spindeli iko milimita 5 kabla ya kufika kwenye taya, yaani nusu ya kipenyo cha ncha. Taya iko upande chanya wa Y kutoka hapo, hivyo sifuri ni -238.120 ukiongeza 5, sawa na -233.120. Anayesahau nusu kipenyo atatoboa matundu yaliyokosea kwa milimita 5. Anayekumbuka lakini akatoa badala ya kuongeza ataandika -243.120, na kazi yake itakosea kwa milimita 10 kamili. Nimewahi kutoboa mabamba tisa kwa namna hiyo ya pili, mteja akiwa amekaa nje kwenye benchi akisubiri mota yake, nami nikilaumu mchoro. Tangu siku hiyo, kazi ikitoka pembeni mimi huanza kwa kupima kosa lenyewe. Likilingana na nusu kipenyo cha kitafuta ukingo, najua nilisahau. Likilingana na kipenyo kizima, najua niligeuza ishara.

Mashine nyingi zitakufanyia hesabu hiyo. Katika vidhibiti (kompyuta za kuongozea mashine) vya Fanuc unafungua ukurasa wa ofseti za kazi, unaweka kishale kwenye Y ya G54, unaandika Y-5. na kubonyeza kitufe cha MEASUR. Maana yake ni kuiambia mashine kwamba sasa hivi iko milimita 5 upande hasi wa sifuri. Nukta ile baada ya 5 usiipuuze. Kuna vidhibiti ambavyo 5 isiyo na nukta huhesabiwa kuwa mikroni 5, na hutaona kosa mpaka chuma kiwe kimeshakatwa.

Inua Z kabla ya kusogeza kitu chochote. Weka bamba juu ya vipande sambamba vya chuma vya kuliinua ndani ya jiliwa, lisukume lishike kizuizi, likaze, na uguse ukingo wake wa kushoto mahali ambapo kizuizi hakifiki. X ikisoma -412.350, sifuri ni -407.350.

Z inahitaji utulivu zaidi, kwa sababu hapo kuna namba mbili zinazojumlishwa: ofseti ya kazi na urefu wa kikata unaoitwa kwa G43 na herufi H. Kuna mafundi wanaoacha Z ya G54 ikiwa sifuri na kuandika kwenye H nafasi ya mashine pale kikata kinapogusa bamba, tuseme -385.400. Wengine hupima urefu halisi wa kikata kutoka kwenye uso wa spindeli, tuseme 112.600, na kuweka kwenye G54 umbali wa uso huo hadi juu ya bamba, yaani -498.000. Ukijumlisha -498.000 na 112.600 unapata -385.400 ileile, kwa hiyo njia zote mbili ni sahihi. Hatari ni kuzichanganya, kwa mfano fundi wa zamu ya asubuhi akitumia moja na wa jioni nyingine. H ya -385.400 juu ya G54 ya -498.000 inaipeleka mashine -883.400, na ukibahatika italalamika kuwa imevuka mpaka kabla haijapiga meza. Mimi hupendelea njia ya pili, kwa kuwa bamba likibadilika unarekebisha namba moja tu, si urefu wa kila kikata.

Katika kugusa, karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban milimita 0.1 na inatosha kwa kazi ya mota, mradi spindeli imesimama. Kilicho bora ni shina la kekee la milimita 10. Shusha kikata karibu na bamba, kiwe chini ya urefu huo, kisha ukipandishe polepole huku ukijaribu kuliviringisha shina chini yake. Linapopita kwa mara ya kwanza, kikata kiko milimita 10 juu ya bamba. Usishushe kikata shina likiwa chini yake.

Kabla ya kuendesha programu, andika kwa mkono G21 G90 G54 (vipimo vya milimita, kuhesabu kutoka sifuri, na ofseti yetu), halafu G0 X0 Y0, yaani kwenda sifuri kwa mwendo wa kasi, mwendo huo ukiwa umepunguzwa hadi asilimia 5. Ncha ikae juu ya kona bila utata. Kisha itishe G43 H1 Z100. na upime kwa rula kutoka bamba hadi kikata, kidole kikiwa karibu na kitufe chekundu. Rula ikisoma 60, hujakosea kidogo, rudi mwanzo.

Jiliwa la pili mezani hupewa G55 kwa utaratibu huohuo. Msimbo wenyewe uandikwe ndani ya programu, kwani mashine ikiwashwa hurudi G54 yenyewe bila kukuuliza. Angalia pia kama kuna G92 au G52 iliyoachwa na mtu aliyekutangulia, maana hizo husogeza sifuri zote kwa pamoja na hazionekani kwenye mstari wa G54.

Umeme ukikatika kazini, namba za G54 hubaki kwenye kumbukumbu, ila mashine nyingi husahau mihimili yake iko wapi. Usiendelee pale ulipoachia. Inua kikata, rudisha mihimili nyumbani, na uguse tena ukingo mmoja. Ukipata tofauti ya zaidi ya milimita 0.02 na namba uliyoiandika kwenye daftari, pima zote upya.