Namna ya kuchambua wahusika na dhamira katika tanzia: Macbeth kitabuni na kwenye filamu

Ukiuliza Macbeth, jemadari anayemuua mfalme wake katika tamthilia ya Shakespeare, ni mtu wa namna gani, utajibiwa upesi: ana tamaa. Jibu hilo si uongo, kwani mwenyewe anakiri katika tendo la 1, onyesho la 7. Tatizo ni kwamba halielezi mengi. Banquo, jemadari mwenzake, naye ameusikia utabiri wa wachawi kwamba Macbeth atakuwa mfalme, ameambiwa uzao wake utatawala, na katika tendo la 3 anakiri kwamba ana matumaini. Mbona yeye haui? Hapo ndipo uchambuzi unapoanzia. Sifa kama "mwenye tamaa", "katili" au "mwoga" ni lebo tu. Unachotakiwa kukitafuta ni uamuzi, yaani mahali ambapo mhusika angeweza kurudi nyuma na hakurudi, kisha ueleze ni nini kilimsukuma.

Mwongozo huu unatumia kazi mbili zinazosimulia kisa kimoja. Ya kwanza ni Macbeth ya Shakespeare, iliyoandikwa yapata mwaka 1606 na kuchapwa mara ya kwanza mwaka 1623. Msomaji wa Kiswahili anayo tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ya mwaka 1968. Ya pili ni filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957, Throne of Blood, iliyokihamishia kisa hicho Japani ya zama za vita vya mabwana. Macbeth ndiyo tanzia (tamthilia inayoishia kwa maangamizi) fupi kuliko zote za Shakespeare, kwa hiyo unaweza kuimaliza kwa kikao kimoja cha saa mbili na nusu hivi, na inafaa sana kwa mazoezi.

Isome mara tatu

Mara ya kwanza weka kalamu kando na usome kwa sauti bila kusimama. Tamthilia iliandikwa isikike, na sikio hushika marudio ambayo jicho huyapita. Utasikia damu, usingizi, mikono na giza vikirudi tena na tena. Usichambue chochote bado.

Mara ya pili chukua daftari, umpe kila mhusika mkuu kurasa mbili, na ugawe kila ukurasa safu nne: anachosema, anachofanya, wanachosema wengine kumhusu, na nani yupo anaposema. Safu mbili za mwisho ndizo wanafunzi wengi huziacha wazi, na ndizo zenye mali nyingi. Katika tendo la 1, onyesho la 2, Macbeth hajatokea bado jukwaani, lakini askari mwenye majeraha anasimulia jinsi alivyompasua adui kutoka kitovuni hadi mataya, na mfalme anamsifu kwa hilo. Kumbe katika nchi hii kuua kunaleta heshima, na Macbeth ni bingwa wa kuua kabla mchawi yeyote hajamwambia neno. Kwenye onyesho la 4 mfalme Duncan analalamika kwamba hakuna ufundi wa kuusoma moyo wa mtu usoni mwake, na palepale Macbeth anaingia. Hicho ni kinaya, nawe hutakiona ukiwa umeandika maneno ya Duncan peke yake bila kuandika aliyeingia.

Safu ya "nani yupo" inakusaidia pia kupima uzito wa maneno. Mhusika akizungumza peke yake jukwaani (uzungumzi nafsia) hana wa kumdanganya, ingawa anaweza kujidanganya mwenyewe. Akizungumza mbele ya mfalme, maneno yake yana kazi nyingine. Kosa la kawaida ni kunukuu sifa ambazo Macbeth anammiminia Duncan kana kwamba ni imani yake ya kweli.

Mara ya tatu soma maonyesho ya uamuzi tu. Kwa Macbeth yako matatu, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu.

Tendo la 1, onyesho la 7, ni la kusomwa mstari kwa mstari. Macbeth anahesabu mwenyewe sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni wake chini ya dari yake, tena ni mtawala mpole. Mkewe, Lady Macbeth, anapoingia, Macbeth anamwambia hawaendelei na jambo hili. Baada ya mistari kama hamsini tu amegeuka na kukubali. Sasa angalia mkewe amesema nini katikati. Hajibu hata sababu moja kati ya zile. Hasemi kwamba Duncan anastahili kufa, wala hagusi udugu. Anafanya mambo mawili: anautilia shaka uanaume wake, kisha anampa mpango wa kuwalevya walinzi na kuwasingizia. Kwa hiyo Macbeth hakushawishika kwamba kuua ni halali. Alishawishika kwamba kunawezekana, na kwamba kukataa ni aibu kwa mwanamume. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko neno "tamaa" linavyoweza kubeba.

Uamuzi wa pili uko tendo la 3, onyesho la 1, anapowatuma wauaji kwa Banquo. Safari hii mkewe hayupo, na kwenye onyesho linalofuata anamficha jambo hilo. Anawashawishi wauaji kwa hoja ileile iliyotumika kwake: kama ninyi ni wanaume, thibitisheni. Alichotendewa sasa anawatendea wengine. Uamuzi wa tatu, tendo la 4, onyesho la 1, ni wa kuiteketeza familia ya Macduff, kabaila anayempinga. Hapo hakuna kusitasita. Anaapa kwamba wazo la kwanza la moyo litakuwa kitendo cha kwanza cha mkono. Yapange matatu hayo pamoja: mara ya kwanza anabishana na nafsi kwa kirefu, mara ya pili anajipa sababu za woga wake kwa Banquo, mara ya tatu hajiulizi kitu. Umbali kati ya wazo na kitendo umekwisha. Hayo ndiyo mabadiliko ya mhusika, na umeyaonyesha kwa ushahidi unaoweza kuhesabika.

Mfanyie Banquo vivyo hivyo, kwa ufupi. Katika tendo la 2, onyesho la 1, anaomba aepushwe na mawazo maovu yanayomjia usingizini. Naye anajaribiwa, ila anaomba. Lakini usimtakase kupita kiasi: anamshuku Macbeth na ananyamaza.

Kuhusu neno hamartia ambalo vitabu vingi hulitafsiri kuwa dosari ya tabia: asili yake katika Kigiriki ni kukosa shabaha. Ni heri ulielewe kama kosa la kukadiria, la mtu aliyelenga na kukosa. Litakurudisha kwenye uamuzi badala ya lebo.

Kutoka kwa mhusika hadi dhamira

Kwanza tuelewane juu ya istilahi. Tanzania huita "dhamira" kile ambacho Kenya huita "maudhui". Na Kenya "dhamira" ni lengo la mwandishi. Fuata matumizi ya mtihani wako na usichanganye ndani ya insha moja. Hapa tunafuata ya Tanzania.

Dhamira haikamiliki ikiwa neno moja. "Madaraka" ni mada. Igeuze iwe sentensi inayoweza kupingwa: "Tamthilia inahoji uanaume unaopimwa kwa kuua." Kisha ipime. Itafutie sehemu tatu zinazoiunga mkono, kutoka kwa wahusika wasiopungua wawili, na sehemu moja inayoitatiza. Kwa dhamira hii una ushawishi wa Lady Macbeth, una wauaji wa Banquo, na una Macduff katika tendo la 4, onyesho la 3: anapoambiwa apokee msiba wa mke na watoto kama mwanamume, anajibu kwamba lazima pia auhisi kama mwanamume. Inayotatiza ni hii: Macduff huyohuyo anamaliza mambo kwa upanga na kurudi na kichwa cha Macbeth, na watu wanashangilia. Usiifiche. Insha inayoitaja na kuieleza huwa na nguvu kuliko inayojifanya haikuiona.

Muktadha uutumie pale tu unapobadilisha usomaji wa onyesho. Mfano mzuri: mfalme James I, aliyeshika kiti cha Uingereza mwaka 1603, aliaminiwa kuwa wa ukoo wa Banquo. Katika historia ya Holinshed ambayo Shakespeare aliitumia, Banquo alishiriki njama ya mauaji. Shakespeare amemwondoa humo. Maelezo hayo yanafafanua kwa nini Banquo amesafishwa. Aya nzima juu ya maisha ya Shakespeare haifafanui chochote.

Filamu ina lugha yake

Tazama filamu nzima bila kusimamisha. Halafu chagua sehemu tatu fupi, dakika tatu hadi tano kila moja. Kila sehemu itazame mara moja bila sauti, kisha isikilize mara moja bila kutazama. Andika dakika na sekunde, kamera iko karibu au mbali, nani yumo kwenye fremu, mwanga unatoka wapi, na kipi kinasikika.

Ijaribu njia hii kwenye sehemu ambayo Asaji, mke wa Washizu (Macbeth wa filamu), anakwenda kuchukua pombe iliyotiwa dawa. Anainuka, anaingia kwenye giza la mlango na kupotea kabisa machoni. Kinachobaki ni mkwaruzo wa vazi lake sakafuni. Kisha anachomoza gizani na mtungi mikononi. Uso wake umepakwa kama kinyago cha noh, mchezo wa jukwaani wa jadi wa Kijapani, na mwendo wake ni wa noh pia. Kitabuni, Lady Macbeth anahitaji hotuba nzima kuyaita mapepo yamwondolee huruma. Kurosawa hakuhitaji neno. Aliyetazama bila sauti ataona giza, na aliyesikiliza bila picha atasikia hariri, na wote wawili watakuwa na la kuandika.

Tofauti kati ya filamu na tamthilia zisiandikwe kama makosa ya mwongozaji. Kila badiliko ni ushahidi. Asaji anamkumbusha mumewe kwamba bwana wao mwenyewe alipata cheo kwa kumuua bwana wake, ilhali Duncan hana doa hilo. Hakuna Macduff wa kulipa kisasi, maana Washizu anamiminiwa mishale na askari wake mwenyewe. Filamu inaanza na kuisha kwa wimbo juu ya magofu yaliyofunikwa na ukungu. Ukiziweka pamoja, unapata dhamira tofauti na ya kitabu: mauaji ni mzunguko usio na mkombozi. Shakespeare anamweka Malcolm, mwana wa Duncan, kwenye kiti cha baba yake, Kurosawa hamrudishi mtu.

Kuandika aya

Aya moja ibebe dai moja, maneno 120 hadi 150. Theluthi iwe ushahidi, kinachobaki kiwe maelezo yako. Aya dhaifu husema hivi: "Lady Macbeth alikuwa katili, alimshawishi mumewe, baadaye akapata wazimu na kufa." Huo ni muhtasari. Linganisha na mwanzo wa aya hii:

"Ukatili wa Lady Macbeth una mipaka tangu mwanzo. Katika tendo la 2, onyesho la 2, anasema angemuua Duncan mwenyewe kama mfalme asingefanana usingizini na baba wa Lady Macbeth mwenyewe, na katika onyesho hilohilo anamwambia mumewe kwamba maji kidogo yatawatakasa. Mikono hiyohiyo anaisugua bila kikomo katika tendo la 5, onyesho la 1, akilalamika kwamba bado inanuka damu. Hata usemi umebadilika: mwanamke aliyekuwa akizungumza kwa mashairi sasa anasema kwa nathari, vipande vipande, usingizini."

Kati ya karamu ya tendo la 3 na onyesho hilo la usingizini, hatumwoni jukwaani hata mara moja. Usilijaze pengo hilo kwa kubuni alipitia nini. Andika kwamba pengo lipo, na kwamba lilianza baada ya mumewe kuacha kumshirikisha siri zake.