SOMO: Kidoti kilichoganda kwenye monita mpya

Wakuu, swali hili limenichosha: "Monita yangu mpya ina kidoti kisichobadilika rangi, nifanyeje?" Naliandika mara moja, kuanzia sasa anayeuliza nitamwelekeza hapa.

1. Zima monita, futa kioo kwa kitambaa laini kikavu. Vumbi huwadanganya wengi.

2. Piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, kisha itume kwenye simu. Kidoti kikionekana na huko, monita yako haina kosa.

3. Jaza skrini nzima kwa rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu. Hapa usikimbie. Kila pikseli, yaani nukta ndogo inayounda picha, ina vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Kimoja kikiganda kikiwa kimewaka, utakiona kwenye skrini nyeusi. Chekundu na cha kijani vikiganda pamoja, utaona njano. Pikseli ya namna hiyo imekwama na inaweza kupona. Inayobaki nyeusi hata kwenye skrini nyeupe imekufa, achana nayo.

4. Piga picha, tafuta risiti, soma masharti ya kurudisha. Muda wa kurudisha na waranti ni vitu viwili. Kiwango cha ISO 9241-307 hupanga skrini kwa madaraja kulingana na kasoro kwa kila pikseli milioni, na daraja 0 ndilo lisiloruhusu hata moja. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kukujibu kuwa kidoti kimoja kinaruhusiwa. Kama muda wa kurudisha haujaisha, rudisha. Usianze ufundi.

5. Muda umeisha? Fungua tovuti ya JScreenFix kwenye kivinjari, buruta kisanduku kinachopepesa rangi hadi juu ya kidoti, acha dakika 10 au zaidi. Mwenye kifafa asikitazame.

6. Kubonyeza kidoti kwenye kioo. Hii mnaipenda kuliko zote, na ndiyo ningependa muiache. Ndani ya kioo kuna vioo viwili vyembamba vyenye kimiminika katikati. Kidole hakichagui pikseli mgonjwa, kinasukuma na majirani wazima. Matokeo yake unaingia na kidoti kimoja, unatoka na doa la ukubwa wa punje ya mchele ambalo haliondoki. Msiniulize nimejuaje. Ukishikilia lazima: monita iwe imezimwa, kitambaa chenye unyevu kidogo tu, ncha butu kabisa, sekunde chache, nguvu ndogo kuliko unayodhani. Isipoitika, usiongeze nguvu. Na fundi wa waranti akiona alama ya kubonyezwa, umejifungia mlango.

MASWALI

Swali: Mkuu, monita yangu mpya ina kidoti chekundu, nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Nimesoma haraka haraka, nimebonyeza kwa ncha ya kalamu, sasa pana doa jeupe. Waranti watakubali?
Jibu: Kalamu! Nimeandika butu. Waulize wao, ila usiwadanganye, wataliona.

Swali: Unatisha watu bure. Mimi nilibonyeza ikapona.
Jibu: Hongera. Sijasema haiponi. Nimesema ukikosea hairudi.

Swali: Samahani, kwa nini kupepesa rangi kusaidie kitu kilichoganda?
Jibu: Swali zuri. Kila kipande kina transista, yaani swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye kimiminika, nacho hujigeuza kupitisha au kuzuia mwanga wa taa ya nyuma. Kupepesa kunakiamuru kijigeuze mfululizo, na kilichokwama tu wakati mwingine huachia. Transista ikiwa imekufa, amri haifiki. Zingatia pia aina ya kioo: kwenye IPS na VA, kipande kisichopata umeme hubaki giza, lakini kwenye TN hubaki kimewaka. Kwa hiyo kidoti angavu kwenye TN huenda kimekufa tayari.

Swali: Na OLED je?
Jibu: OLED haina kimiminika hicho wala taa ya nyuma, kila kipande kinawaka chenyewe. Hatua ya 6 haikuhusu kabisa. Tafuta kwenye menyu ya monita sehemu ya kusafisha pikseli, iache imalize bila kuchomoa umeme.

Swali: Yangu haina kidoti ila kona zinang'aa chumba kikiwa giza.
Jibu: Punguza mwangaza, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia. Mng'ao ukibadilika, ndiyo tabia ya IPS, kaa mbali kidogo. Usipobadilika, taa ya nyuma inavuja: nenda hatua ya 4.