Somo: Kumaliza ushonaji wa mkono ukiwa na kazi nyingine za sanaa

Kazi ya mkono haikwami sana kwenye kukata wala kuunganisha. Hukwama kwenye pindo, bitana na vifungo, wakati vazi limeshaonekana vazi na mshonaji ameanza kuwazia kitenge kipya alichokiona Soko la Majengo. Somo hili linamhusu anayeshona huku akitarizi mashuka ya watu au akiwa na mazoezi ya kwaya jioni.

Hatua ya kwanza: tandaza kitandani kazi zote ulizonazo, utenge zile zenye mwenyewe na tarehe. Ile ambayo huna tena moyo nayo, mpe anayejifunza.

Hatua ya pili: kila kazi iwe na mfuko wake wenye uzi wa rangi yake, sindano, vifungo na kikaratasi kinachotaja hatua inayofuata tu. Usiandike "maliza gauni". Andika "piga bandi pindo la chini", yaani lishikize kwa mishono mirefu ya muda. Naipa hatua hii uzito kuliko zote, kwa sababu aliyerudi mazoezini amechoka hana nguvu ya kukumbuka alipoishia, lakini kushika sindano anaweza. Mfuko ufungike vizuri, maana upepo wa kiangazi hapa Dodoma huingiza vumbi kila mahali.

Hatua ya tatu: kitambaa cheusi na utarizi vishonwe mchana, jioni ibaki kazi isiyochosha macho.

Hatua ya nne ni pindo lenyewe. Sketi iliyokatwa mshazari itundike usiku kucha kabla ya kusawazisha urefu, kwa kuwa hurefuka kwa uzito wake. Kisha kunja, piga pasi, piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti, na ushone kwa uzi usiozidi urefu wa mkono wako, kwani mrefu zaidi hujisokota na kufunga mafundo. Kila unapochoma, chota nyuzi moja au mbili tu za upande wa nje, na usivute kwa nguvu.

Swali (kutoka Kondoa): Shikamoo mwalimu. Nina gauni la sendofu la mdogo wangu na sare za kwaya za Pasaka. Nianze na lipi?

Jibu: Marahaba. Anza na linalohitaji kupimwa mwilini, yaani gauni, kwa sababu nafasi ya mwenyewe kuja kupima huipangi wewe. Akiwa hajafika, endelea na sare.

Swali (kutoka Nkuhungu): Kitenge changu cha pamba kilisinyaa baada ya kushonwa. Nifanyeje?

Jibu: Pole, dada. Fumua pindo, uunge ukanda wa kitambaa kingine kwa ndani ili urefu wote uliokunjwa utumike. Siku nyingine kiloweke, kianike na kukipiga pasi kabla ya kukata.

Swali: Oda mpya ikija kabla sijamaliza?

Jibu: Ipokee, ila kwanza soma vikaratasi vyote vya mifukoni, ndipo umtajie mteja tarehe.