Limfoma ya Burkitt: mambo ya kuzingatia kabla taya la mtoto halijavimba

Mtoto anayekulia kandokando ya Ziwa Victoria au kaskazini mwa Uganda mara nyingi hukutana na vitu viwili akiwa bado mchanga: malaria inayorudi tena na tena, na virusi vya Epstein-Barr, vinavyoenea kwa mate. Virusi hivi karibu kila mtu huishi navyo bila shida. Hatari hujengeka pale vinapoingia mapema mno, huku malaria ikiichosha kinga ambayo bado inajifunza kazi. Uvimbe wenyewe, yaani limfoma ya Burkitt, ambayo ni saratani ya chembe za kinga, huja baadaye, mara nyingi kati ya miaka 4 na 9.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958, na ramani ya wagonjwa ikafuata joto na mvua, yaani palepale penye mbu wa malaria. Mwaka 1964 virusi vikaonekana katika chembe za uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda. Leo tunaelewa vizuri zaidi kinachotokea. Malaria huzichochea chembe B, zile zinazotengeneza kingamwili, zigawanyike kwa wingi, na huamsha kimeng'enya kinachokata DNA ya chembe hizo. Mara chache mkato huungwa vibaya: kipande cha kromosomu 8 chenye jeni MYC, inayoiamuru chembe igawanyike, huhamia kwenye kromosomu 14, na chembe haiachi tena kugawanyika. Chembe iliyoharibika hivyo ilipaswa kufa. Virusi huisaidia isife. Wakati huohuo chembe T, askari wa kinga wanaovidhibiti virusi hivyo, zimedhoofishwa na malaria. Hata hivyo, watoto wengi mno hupata vyote viwili na hawaugui saratani hii, kwa hiyo mama asitupiwe lawama.

Maandalizi, basi, huanza kliniki ya wajawazito. Malaria ya ujauzito hupunguza kingamwili zinazovuka kondo kwenda kwa mtoto, na kinga hiyo ya kuazima ndiyo inayovichelewesha virusi. Mama ameze SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kuanzia wiki ya 13, angalau mara tatu, kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrin) kwa sababu ya VVU asipewe SP. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza. Kila homa ipimwe, na dawa mseto imalizwe hata kama homa imeshuka siku ya pili. Magharibi mwa Kenya chanjo ya malaria imekuwa ikitolewa tangu 2019, kwa dozi nne zinazoanza mtoto akiwa na miezi 6. Dozi inayosahaulika ni ya mwisho, kwa kuwa ziara nyingi za kliniki zimeshaisha. Chanjo haiondoi chandarua. Mtoto wa mama mwenye VVU apimwe akiwa na wiki 6, maana VVU huongeza hatari ya limfoma kwa njia yake. Dhidi ya Epstein-Barr hakuna chanjo. Kuacha kumtafunia mtoto chakula ni jambo jema, lakini usitegemee kwamba kutamkinga.

Zijue dalili mapema, kwa sababu chembe hizi huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Magego kulegea bila kuumia, taya kuvimba upande mmoja, jicho kusukumwa nje, tumbo kujaa haraka, miguu kuishiwa nguvu ghafla. Kosa la kawaida ni kung'oa jino, kisha jingine, huku wiki zikipita. Kosa la pili ni dawa za steroidi, yaani prednisoloni au deksamethasoni, kutoka duka la dawa: uvimbe hunywea, na kinyama chake kikikatwa kwa uchunguzi wa maabara hakisomeki vizuri.

Kabla ya safari ya kwenda hospitali yenye wodi ya saratani za watoto, kama Bugando, Muhimbili au taasisi ya saratani iliyoko Mulago, beba kadi ya kliniki, barua ya rufaa, na majibu ya kinyama kwa maandishi pamoja na vioo vya hadubini au bloku ya nta yenye kinyama hicho, kama kimeshakatwa. Tarajia picha ya damu, kipimo cha VVU, kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu ya damu, altrasaundi ya tumbo, uboho na maji ya uti wa mgongo. Usishangae dripu na alopurinoli, dawa ya kulinda figo, zikitangulia dawa za saratani: uvimbe ukiyeyuka ghafla, taka za chembe zilizokufa huziba figo na potasiamu hupanda hadi kusimamisha moyo. Angalia mkojo, na mwite muuguzi ukipungua.

Panga nauli na mtu wa kubaki na watoto wengine kwa miezi, si kwa wiki. Baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa ya saratani, saiklofosfamidi, taya huweza kurudi hali yake ndani ya siku chache, na hapo ndipo familia nyingi hurudi nyumbani. Chembe zilizobaki hazionekani kwa macho. Uliza siku ya kwanza mizunguko ni mingapi, andika tarehe zote, na acha namba mbili za simu wodini.