Mgonjwa wa kiharusi anayeanza mazoezi ya viungo: someni barua ya rufaa kabla hamjapanda gari

Nawaandikia wenye mgonjwa wa kiharusi Newala, Tandahimba au Nanyamba, mlioambiwa mumpeleke Mtwara mjini akafanye mazoezi ya viungo. Nimetoka kumpeleka mjomba wangu. Kabla ya kutafuta gari, kaeni na barua ya rufaa muisome neno kwa neno.

Ya kwetu iliandikwa "apelekwe mazoezi", basi. Tulikokwenda, mapokezi waliikataa. Tukamrudisha mtu ambaye kukaa tu kwenye siti ya basi ni mateso, na nauli imeshakwenda. Barua inayopokelewa inataja ugonjwa, tarehe ulipoanza, upande uliopooza, presha, dawa anazomeza, na idara anayopelekwa: fiziotherapia. Iwe na jina la daktari, sahihi na muhuri. Kikikosekana kimoja, msiondoke; mwombeni daktari aongeze papo hapo. Hiyo ni haki ya mgonjwa, wala hamumsumbui mtu.

Jina la kwenye barua lifanane na la kitambulisho cha NIDA na la kadi ya bima. Hamisi na Khamis kwenye mfumo ni watu wawili. Mwenye CHF, yaani bima ya afya ya jamii, afuate ngazi kuanzia zahanati yake. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anastahili msamaha: achukue barua kwa mtendaji wa kijiji, aipeleke ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla hajapewa kontroli namba ya kulipia. Kufungua faili na kulipa mnakujua.

Asubuhi hiyo ameze dawa zake za presha kama kawaida, maana wanaipima kwanza, na ikiwa juu sana mazoezi yanaahirishwa. Avae nguo pana na viatu visivyoteleza.

Halafu inakuja tathmini, na hapa pana thamani kubwa. Mtaalamu anamtaka ainuke kwenye kiti, anyanyue mkono, ashike kikombe, atembee kidogo. Mjomba aliulizwa anataka arudi kufanya nini. Mkewe akaanza kumjibia. Mtaalamu akamwomba asubiri. Mjomba akahangaika na ulimi mpaka neno likatoka: "Kuokota korosho." Likaandikwa kwenye faili, na mazoezi ya vidole yakapangwa kwa ajili hiyo, kidole gumba na cha shahada kubana kitu kidogo na kukiachia. Mwacheni mgonjwa ajibu mwenyewe, hata akichukua muda.

Anayeingia naye ndani awe yule atakayemfanyisha mazoezi nyumbani, si mwenye nafasi siku hiyo. Aombe kuyafanya mbele ya mtaalamu ili asahihishwe.

Msikae nyumbani mkingoja apate nguvu. Hali ikishatulia na daktari akiruhusu, wiki na miezi ya mwanzo ndiyo mwili unarudisha zaidi. Kama kuja mjini kila wiki hamtaweza, semeni siku hiyohiyo ya kwanza, mpangiwe mazoezi mengi ya nyumbani na tarehe mnazozimudu, na tarehe hizo ziandikwe kwenye kadi kabla hamjatoka.