Namna ya Kupanga Maziko Yasiyochafua Ardhi
Anayetaka maziko yasiyodhuru mazingira awaambie ndugu zake mapema na kuyaandika matakwa yake, kwa kuwa siku ya msiba hapana nafasi ya mjadala. Aikatae fomalini, dawa ya kuhifadhi maiti ambayo huua hata bakteria wanaoozesha mwili. Ubaridi wa mochwari unatosha kwa siku chache. Marehemu avishwe sanda ya pamba tupu, na jeneza, likihitajika, liwe la mbao zisizopakwa vanishi, lisilo na vishikio vya plastiki.

Kina cha kaburi ndicho kinachostahili uangalifu mkubwa zaidi. Kwenye mita moja hivi udongo bado una hewa, na humo ndimo mabuu ya nzi, mbawakawa na bakteria hufanya kazi yao, ilhali chini zaidi uozaji hupungua kasi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1998 ilishauri kaburi liwe angalau mita 250 kutoka kisima cha maji ya kunywa; sharti hili lisipuuzwe hata pale eneo linapopendeza. Badala ya saruji na marumaru, panda mti wa asili ya mahali hapo, baada ya kuulizia kanuni za makaburi husika.